Taratibu Atafuta Cherehani

Watu walimwita Taratibu, na jina lilimstahili. Katika miaka yote aliyoendesha basi la shule hakuwahi kulipita gari lililo mbele yake, hata likiwa trekta. Alipostaafu alikuwa anajua injini, matairi na breki. Mambo ya nguo alimwachia mkewe, fundi wa kushona aliyefanya kazi hapo hapo nyumbani, kwenye cherehani ya kukanyaga iliyokaa chini ya dirisha la sebuleni. Sare za watoto wa mtaa mzima zilipitia pale.

Kisha mkewe akapatwa na kiharusi. Upande wa kulia ukalegea, mkono na mguu. Aliporudi kutoka hospitali, kitu cha kwanza alichofanya ni kumwita mpwa wake, binti wa dada yake, akamwambia achukue ile cherehani. Taratibu alirudi kutoka sokoni akakuta alama za miguu ya chuma kwenye zulia, basi. Alipouliza, akajibiwa kwamba kitu kisichotumika kinakula nafasi bure. Hakuelewa.

Miezi ikapita. Mkewe akaanza kutembea kwa fimbo, vidole vikaanza kushika kikombe. Siku moja Taratibu alimwona amekaa dirishani, anapitisha kidole kwenye pindo la pazia, analipima kwa jicho. Akajiambia, huyu anataka cherehani. Akamuuliza anapenda ya aina gani.

"Yoyote tu," akasema mkewe, akageuza uso.

Taratibu akaingia madukani na hilo "yoyote tu" lake. Duka la kwanza, muuzaji alimwonyesha cherehani nyepesi ya plastiki, ya umeme, inayoshona mishono ya kila namna, hadi ya maua. Taratibu aliuliza mtu anahitaji mishono mingapi kushona foronya. Akaambiwa huwezi kujua ya kesho, mzee wangu. Bei ilimfanya akohoe.

Duka la pili, mwenye duka aliidharau ile plastiki bila hata kuiona. Alisema ya kununua ni ya chuma, ya kuzungusha kwa mkono: haitaki umeme, haitaki mguu, na bei yake nafuu. Taratibu alifurahi mpaka alipoushika mpini ajaribu. Ulikuwa upande wa kulia. Aliuzungusha mara mbili, akauachia polepole, akashukuru na kutoka.

Shemeji yake, mdogo wa mkewe, alimwambia kwa simu kwamba cherehani za umeme hukimbia kama zimekatika breki, zitamshona mtu kidole. Heri angetafuta mota ndogo akaifunga kwenye ile cherehani ya zamani. Lakini ya zamani ilikuwa inamlisha mpwa, na Taratibu hakuwa mtu wa kutoa kwa mkono huu akanyang'anya kwa mwingine. Jirani wa kushoto akamshauri anunue iliyotumika. Wa kulia akasema kununua iliyotumika ni kununua ugonjwa wa mwenzio. Kila aliyemwuliza alikuwa na uhakika, na kila uhakika ulimpoteza zaidi. Kichwa chake kikawa kama kapu la nyuzi lililochezewa na paka.

Mwishowe akamwambia mkewe waende wote. Mkewe akataja mguu, akataja jua, akataja vumbi.

"Basi sinunui," Taratibu akasema. "Sijawahi kuona dereva ananunuliwa gari bila kukaa kwenye usukani."

Mkewe akakunja na kukunjua kitambaa cha meza.

"Baba watoto, sasa hivi mtu akiniuliza kwa nini sishoni, namwambia sina cherehani. Ukiileta, nitasema nini?"

Wiki nzima Taratibu amepima mota na mipini, kumbe tatizo halikuwa dukani.

"Utasema imeharibika," akasema. "Mimi nitakuwa shahidi."

Mkewe akacheka, mdomo ukienda upande mmoja, kisha akaomba fimbo yake.

Walikwenda kwa fundi anayetengeneza na kuuza zilizotumika, kwenye kichochoro nyuma ya maduka ya vitabu. Fundi akaweka mezani cherehani ndogo ya umeme, rangi imechubuka. Ilijua mshono wa kawaida na wa zigizaga tu. Kikanyagio akakiweka sakafuni, upande wa kulia. Mkewe alikitazama kwa muda mrefu. Hapo Taratibu akaona kitu anachokijua. Akainama, akakisogeza chini ya mguu wa kushoto.

"Kanyaga kama unavuka tuta," akamwambia.

Cherehani ikaruka mbele. Mkewe akaondoa mguu, akavuta pumzi, akakanyaga tena. Mkono wa kushoto ukaongoza kitambaa, wa kulia ukakilalia juu kama jiwe la kuzuia karatasi. Mshono ukatoka umepinda. Fundi akasema kwa mara ya kwanza si mbaya.

"Usinidanganye," mkewe akamwambia. "Mwanafunzi wangu ningemfumulisha huu." Kisha akaomba kipande kingine cha kitambaa, na kingine tena, mpaka chai ya fundi ikapoa. Waliinunua hiyo hiyo, kwa bei isiyofika hata nusu ya ile ya maua.

Siku hizi anashona foronya na mapazia. Sare bado. Mara nyingine anaacha katikati, anatazama ukuta, na Taratibu hajui amsogelee au amwache. Kikanyagio kilikuwa kinateleza sakafuni, akakigundishia kipande cha mpira wa tairi chini yake. Vidole vya kulia bado vinakataa kutia uzi kwenye sindano, kwa hiyo kazi hiyo ni ya Taratibu. Anavaa miwani, analamba ncha ya uzi, anakosa tundu. Mkewe anasubiri, mguu wa kushoto tayari juu ya kikanyagio.