Odile na Moto wa Chini ya Maji

Odile Roumajon alikuwa binti wa wakulima wa zabibu wa bonde la Rhône, na katika maabara yetu alifanya kazi ya kukokotoa kisichoonekana. Ghorofa ya chini tulikuwa na mwenge wa plazma, yaani gesi iliyopitishiwa umeme mpaka ikawa moto mkali kuliko wa tanuru lolote. Uliwaka ndani ya pipa kubwa la maji, ukiteketeza vimiminika vya sumu ambavyo viwanda havikujua pa kuvipeleka. Hakuna jicho lililoweza kuona yanayotokea katikati ya moto ule, na kipimajoto kingeyeyuka. Basi Odile aliligawa pipa zima katika vijumba vidogo vidogo ndani ya kompyuta, akakokotoa joto na mwendo wa gesi katika kila kijumba, na kwa njia hiyo akatuambia nini cha kutarajia.

Mwaka mmoja alikosea, tena hadharani. Alitangaza mkutanoni kwamba umeme ukiongezwa, mdomo wa shaba wa mwenge utayeyuka. Kazi ikasimamishwa kipindi kizima cha baridi. Hatimaye umeme ukaongezwa kidogo kidogo, na shaba haikudhurika. Odile alitafuta kosa lake, akalikuta katika hesabu ya maji ya kupoozea, akasimama mkutanoni na kulieleza mwenyewe bila kujitetea. Ila tangu siku hiyo Clovis Estournel, fundi mkuu wa mwenge, akampa jina la Nabii wa Shaba. Kantini, akimwona anapita na sahani yake, alikuwa akimuuliza kama upepo wa kaskazini utavuma kesho au aanike nguo. Odile alicheka pamoja na wengine, akakaa meza ya mbali kidogo.

Majira ya kuchipua tulikuwa tukijiandaa kuchoma taka halisi kwa mara ya kwanza. Odile akaanza hesabu ambayo hakuna aliyemwagiza: je, itakuwaje moto ukizimika ghafla kazi ikiendelea? Vali ya taka ingefungwa, lakini kimiminika kilichobaki njiani kingedondokea chuma cha moto na kugeuka mvuke. Mvuke huo ungechanganyika na oksijeni iliyomo ndani ya mwenge. Na desturi ya mafundi ilikuwa kuwasha tena papo hapo, kabla mwenge haujapoa.

Majibu ya kompyuta hayakutulia. Matone yakiwa makubwa, hatari haikuwepo. Yakiwa madogo, mchanganyiko ulitosha kulipuka. Na ukubwa wa matone hayo hakuna aliyekuwa ameupima.

Alikwenda kwa mkuu wetu, Bi. Lachenal, ambaye alimsikiliza vizuri, akamwomba arudi atakapopata jibu lisilobadilika. Jaribio likabaki palepale kwenye kalenda. Odile hakumlaumu. Mwenyewe, aliniambia baadaye, asingeamini hesabu kama ile ikiletwa na mtu mwenye historia kama yake.

Basi akashuka ghorofa ya chini. Clovis alikuwa amelala chali chini ya bomba, anakaza nati. Mimi nilikuwa nasafisha kipima gesi pembeni.

"Nabii kashuka mwenyewe," Clovis alisema bila kutoka. "Leo kinayeyuka nini?"

Odile alichutama ili amwone usoni, akamweleza yote: mvuke, oksijeni, kuwasha upya. Akamwomba kwamba moto ukizimika, apitishe kwanza nitrojeni kuusukuma mvuke nje, ndipo awashe.

"Nikifanya hivyo mwenge unapoa. Kuuwasha upya ni kazi ya kutwa."

"Najua."

"Na una uhakika?"

"Hapana," Odile alisema. "Sina."

Clovis akajivuta kutoka chini ya bomba, akakaa sakafuni akifuta mikono kwa kitambaa.

"Mwaka ule ulisema una uhakika."

"Nilikuwa nao. Ndiyo shida yenyewe."

Clovis hakumwahidi kitu. Alirudi kwenye nati yake, na Odile akapanda ngazi akidhani ameshindwa mara ya pili.

Siku ya jaribio moto uliwaka vizuri asubuhi nzima. Kisha umeme wa wilaya ukayumba, na moto ukazimika. Bi. Lachenal, aliyekuwa nyuma ya kioo pamoja nasi, akamgeukia Clovis akingoja awashe. Clovis akafungua nitrojeni.

"Unafanya nini?" aliuliza Bi. Lachenal.

"Nasubiri."

Macho yangu yalikuwa kwenye kipima gesi. Mvuke uliosukumwa nje ulipokifikia, mshale ulipanda hadi eneo jekundu la hatari ya kulipuka na kukaa humo muda mrefu. Bi. Lachenal aliuangalia mpaka uliposhuka, kisha akaahirisha kazi ya siku hiyo na kuagiza kwamba kuanzia sasa hakuna kuwasha kabla ya nitrojeni.

Clovis ndiye aliyempelekea Odile habari, huko juu alikobaki akifanya kazi. Alivuta kiti na kukaa mbele ya kompyuta, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akamwambia mshale ulifika wapi. Odile alitazama namba zake. Mvuke halisi ulikuwa mwingi kuliko hata hesabu yake ya hatari kubwa kabisa.

"Kwa hiyo nimekosea tena," alisema.

"Umekosea, ndiyo," Clovis alikubali. "Sasa niambie, hayo matone tunayapimaje?"

Walianza kulijadili swali hilo hapohapo, chakula cha mchana kikawapita.