Mzee Ulimi Ndani ya Sufuria la Shaba

Baba mkwe wangu ni mwembamba kama ufito, ila sifa anazojipa ni nene kuliko yeye mara kumi. Siku nilipopelekwa kutambulishwa kwao, hata sijakaa vizuri, aliniambia kwamba kwa miaka ishirini na tisa hakuna bia iliyotoka kwenye kile kiwanda kikubwa cha mjini bila kupita kwanza kwenye ulimi wake. "Mwonjaji mkuu," alisema. "Nikikunja uso tu, tangi zima linamwagwa." Nilimwamini. Mtaa mzima ulimwamini, ndiyo maana wakamwita Mzee Ulimi, na mume wangu alimaliza shule akiringia ulimi wa baba yake.

Nawaambia mapema msije mkasumbuka kama nilivyosumbuka mimi: Baba hakuwa mwonjaji. Alikuwa mwosha masufuria. Kwa zaidi ya miaka arobaini alikuwa anampigia chuku mkewe, na kila siku akiomba njia ya mwongo iendelee kuwa ndefu kidogo.

Mimi hayo sikuyajua, kwa hiyo kosa langu lilikuwa la mapenzi. Kiwanda kile siku hizi kinapokea watalii. Watu wanashuka kwenye mabasi na kofia zao na kamera zao, wanapanga foleni lango la mbele kama wanaingia ikulu, wanaoneshwa shayiri inavyolowekwa, mwisho wanaketi kwenye chumba cha kuonja na kutoka wakicheka ovyo. Nikakata tiketi tatu, yangu na za wakwe zangu, nikaziweka mezani siku Baba alipotimiza miaka sabini. Akazitazama kama mtu aliyeletewa samansi.

"Mgongo unaniuma," akasema.

Kesho yake likawa tumbo. Keshokutwa yake akasema kiwanda kimebadilika, hakuna anayemjua tena.

"Ndiyo vizuri, Baba, wakujue upya!" nikasema, mjinga mimi.

Mama mkwe alikuwa anachambua mchele, hakuinua hata kichwa. "Twende tu, mume wangu. Na mimi nikaone ulipokuwa unaonjea."

Basi tukaenda. Tulivishwa vizibao vya njano na kofia za karatasi, na Mama alipojiona kwenye kioo cha mapokezi alicheka mpaka mwanya wake wote ukaonekana. Harufu ya shayiri iliyochemshwa ilikuwa imejaa kila mahali, nzito na tamu, na mimi nikaanza kujisikia mwepesi kabla sijaonja chochote. Nilipiga picha kila kitu: mabomba, saa za mvuke, ngazi, kisigino cha mtalii aliyenitangulia. Baba yeye alitembea nyuma kabisa, kofia ameishusha hadi kwenye nyusi. Kila tulipopishana na mfanyakazi mwenye mvi, aliinama kufunga kamba za viatu. Viatu vyake havina kamba.

Mwongoza wageni alikuwa kijana mchangamfu mwenye mabega mapana kama kabati. Akamuuliza Mama, "Bibi, umewahi kufika hapa?"

"Mimi sijawahi. Lakini naishi na mwonjaji mkuu," Mama akajibu, akamwonyesha Baba kwa kidole.

Kijana akapiga makofi. "Jamani wageni, leo tuna bahati! Mzee, tukifika chumba cha mwisho wewe ndiye utakayetuongoza. Nitakupa glasi nne, utatuambia kila moja ina nini ndani."

Watalii wakashangilia. Baba akatabasamu kama mtu anayeng'olewa jino. Kijasho chembamba kilimtoka, nami nikadhani ni joto.

Ndipo tukaingia kwenye chumba cha sufuria kuu la shaba. Lilikuwa limepumzishwa kazi, limebaki la maonyesho tu, na kwa kweli lilikuwa zuri kuliko nilivyotarajia: kubwa kama nyumba ya vyumba viwili, lina tumbo la mviringo na shingo ndefu, linang'aa mpaka unaona meno yako. Ubavuni lilikuwa na kidirisha kidogo cha chuma, kiko wazi, na kijana akaturuhusu tuchungulie. Nilipenyeza kichwa, nikapenyeza na mkono wenye simu nipige picha ya ndani, na simu ikaniponyoka. Ilidunda huko chini, nga, nga, nga, na sufuria zima likalia kama kengele ya shule.

"Picha zangu!" nikapiga kelele. Zote zilikuwa humo: za mwanangu tangu anazaliwa, za marehemu mama yangu, na kile kisigino cha mtalii.

Kijana akavua kizibao, akatumbukiza kichwa na bega moja, akanasa. Watalii wawili wakamkamata mkanda wakamchomoa, nyuso zimewaiva kwa kicheko.

"Haiwezekani," akasema, akipangusa masikio. "Mpaka fundi aje Jumanne aje na mashine. Zamani kulikuwa na watu wa kuingia humu kuosha, wembamba sana, wakiitwa panya. Walikuwa wanatanguliza mkono wa kulia, halafu kichwa, halafu..."

"Wa kushoto," akasema Baba.

Sote tukageuka.

"Wa kushoto kwanza, na kichwa unakilaza begani. Ukitanguliza wa kulia, bawaba inakukwangua mbavu." Alisema haraka, kama mtu anayesahihisha hesabu za mtoto, halafu akasikia alichosema. Uso ukamsawijika.

"Baba, umejuaje?" nikauliza.

"Mwonjaji lazima ajue kila kitu," akajibu, lakini sauti ilikuwa imeishiwa nguvu. Mama alikuwa anafuta miwani yake.

Hapo ndipo angeweza kunyamaza na sisi tukasahau. Lakini mimi nilikuwa nimeshaanza kulia, tena kilio cha kamasi, na Baba ni mtu asiyeweza kuona mtoto wa watu akilia mbele yake. Alinitazama, akalitazama sufuria, akashusha pumzi. Akavua koti, akampa mkewe bila kumwangalia usoni.

"Leteni kamba," akasema.

Akajifunga kiunoni, akampa kijana ncha nyingine. Mkono wa kushoto, kichwa, bega, kiuno. Miaka sabini ile ikaingia kwenye kidirisha kama barua kwenye bahasha. Watalii wakapiga makofi. Na mara, kutoka ndani ya shaba, akaanza kuimba. Alikuwa na sauti mbaya, Mungu amsamehe, lakini sufuria liliikuza na kuizungusha mpaka ikawa kama ya watu kumi.

*Ee mwenye mwanya, nifungulie mlango,*
*natoka kazini, nimechoka mwenzio...*

Tulikufa kwa kicheko. Mtalii mmoja akaanza kucheza, mwingine akamfuata, na mimi na machozi yangu nikajikuta natikisa mabega pamoja nao. Mama peke yake hakucheka. Alisimama ameshika koti, sikio ameligeuzia kidirishani.

Wimbo ukakatika katikati.

"Mvuteni!" Mama akapiga yowe. Sijawahi kusikia sauti ile ikitoka kwake. "Mvuteni! Akinyamaza anavutwa! Mnasubiri nini?"

Akaidaka kamba mwenyewe. Kijana akavuta, watalii wakavuta, na miguu ilipotokeza Mama akairukia, ila alishika suruali badala ya vifundo. Nikaona wekundu wa chupi ukitokeza, nikageukia ukutani haraka, maana mkwe ni mkwe hata kwenye dharura. Nyuma yangu nikasikia Baba akitua sakafuni na kusema, "Subiri kidogo, mwanangu, mama yako ananivua suruali."

Nilipogeuka alikuwa ameketi chini, suruali imerudi mahali pake, simu yangu sikioni. Mume wangu alikuwa amepiga kuuliza tunaendeleaje, na baba yake ameipokea humo humo ndani, ndiyo maana wimbo ulikatika.

Mama alikaa chini palepale, akaweka mkono kifuani. Tukacheka mpaka mbavu zikauma. Halafu Baba akaacha kucheka.

"Nani alikwambia," akamuuliza mkewe polepole, "kwamba akinyamaza anavutwa?"

"Mwenzako aliyekuwa anashika kamba." Mama alikuwa bado anahema. "Mwaka ule wa kwanza mvua ilinyesha, nikakuletea koti. Nikakukosa getini, nikazunguka mpaka dirisha la nyuma. Akaniambia, yuko ndani anaosha, si unamsikia? Humo hewa mbaya humlaza mtu bila kumwonya, ndiyo maana wanaimba. Nikasimama kwenye mvua na koti lako mkononi, nakusikiliza unaniimba mimi, naomba Mungu usinyamaze."

"Na miaka yote hii hukusema?"

"Ningesema ungeacha kujisifu. Sasa ungeacha kujisifu, jioni ningekaa na nani?"

Kumbe alimdhania mkewe kapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, na kumbe chupa ilikuwa mkononi mwa mke mwenyewe. Macho yakamlowa. Hapo simu, ambayo hakuna aliyekumbuka kuikata, ikasema, "Baba? Kwa hiyo ulikuwa unaosha?"

Kijana hakuthubutu hata kusogeza mguu.

Baba akajipangusa vumbi la shaba kwenye magoti, akainuka, akakohoa. "Nilikuwa naosha, mwanangu," akasema, na kila neno likamnyoosha mgongo kidogo. "Miaka ishirini na tisa. Na nikwambie kitu: hakuna aliyeosha kama mimi. Mwonjaji gani angeonja nini, kama mimi sijapita? Kulikuwa na siku moja, sikiliza, meneja mwenyewe alikuja amevaa suti nyeupe..."

Mama akavuta benchi la wageni, akalikunja koti mapajani, akaketi kusikiliza.