Nilimpa Bibi Sifuri, Nikatia Muhuri

Nimekosa, ndugu msomaji, na sitaki unitetee. Nilikosa nikiwa na akili timamu, nimevaa tai, kalamu mkononi. Jina langu usiliulize, maana hapa Nyamirambo nikipita tu watu wanacheka hadi wanashika ukuta.

Mimi nimesomea uzee. Ndiyo, uzee! Miaka miwili nilikaa Ulaya nikisoma namna ya kuwatunza wazee, na sikumwosha mzee hata mguu. Nikarudi Kigali, mwaka wa pili wa vita vile vya mpakani kaskazini, kukusanya habari za kitabu cha kumalizia shahada yangu ya pili. Majirani wakaniuliza, uzee nao unasomewa? Si unakuja wenyewe? Nikawaona washamba.

Nilikuja na fomu ya kupima kumbukumbu, na muhuri niliochongesha mwenyewe sokoni: Mtaalamu wa Wazee. Nikaanza na wazee wanaume kumi, wale wanaoketi kibarazani na urwagwa wao, pombe ya ndizi. Jamani, wote wazima! Mmoja alinitajia kila ng'ombe aliyewahi kumchunga, na mama wa kila ng'ombe. Nikakosa raha kabisa, kwa sababu sura ya nne ya kitabu changu ilihusu wazee waliopoteza kumbukumbu, na sikuwa na hata mmoja.

Ndipo nikamwomba mke wangu anipeleke kilimani Kinyinya kwa nyogokuru wake, bibi yake mzaa baba. Mimi nilikuwa nimemwona siku ya harusi tu. Aliishi peke yake kwenye shamba lake la migomba. Siku hiyo tulimkuta na mwanawe wa kwanza, baba mkubwa wa mke wangu, mtu wa kucheka sana na kutazama sana mipaka ya shamba.

Nikaanza. Swali la kwanza: tuko ghorofa ya ngapi? Fomu ilitoka Ulaya, bwana, ningefanya nini! Bibi akatazama sakafu yake ya udongo, akanitazama mimi kwa huruma, akaniletea maji ya kunywa. Sifuri. Nikamuuliza haya ni majira gani. Akasema ni ya kupanda maharage. Hayo kwenye fomu hayakuwamo. Sifuri tena.

Swali la mwisho nililiongeza mwenyewe, ili fomu iwe na sura ya kwetu. Nikamwambia ataje jina la baba mkwe wake. Bibi akainamisha kichwa, akaziba mdomo kwa mkono. Nikarudia mara tatu, kila mara kwa sauti kubwa zaidi, kama vile namsemesha kiziwi. Mkono haukubanduka mdomoni. Sifuri. Baba mkubwa akatikisa kichwa pale mlangoni, akaniita daktari, akasema, si unaona mwenyewe. Mimi si daktari. Wala sikumsahihisha.

Njiani mke wangu alikuwa amevimba kwa hasira.

"Nyogokuru hajasahau kitu," akaniambia. "Mwanamke aliyelelewa vizuri hamtaji baba mkwe wake kwa jina, hata akishakufa. Umemwaibisha nyumbani kwake."

Na hapa ndipo kosa langu lilipo, msomaji wangu. Ningeweza kukudanganya kwamba nimekulia Biryogo, mtaa wa Waswahili mjini, mama yangu ni mtu wa Kigoma, mambo ya vilimani siyajui. Uongo! Desturi hiyo nilikuwa nimeisikia tangu utotoni. Nilimjibu mke wangu kwamba fomu haina kisanduku cha heshima. Loo, mdomo huu! Nikaenda kuandika sura ya nne nzima juu ya yule bibi.

Wiki iliyofuata baba mkubwa akaja na kreti ya bia, akaomba barua ndogo tu. Nikaandika kwamba mama mzazi wa bwana huyu hana kumbukumbu na hawezi kuamua mambo ya mali yake. Nikapiga muhuri mara mbili, ili upendeze. Shamba likauzwa kwa mkubwa mmoja wa mjini anayetaka kujenga nyumba ya ghorofa. Basi swali langu la kwanza likapata jibu.

Bibi akaletwa kwangu nimtunze kitaalamu. Nikambandikia ratiba ukutani, yeye asiyejua kusoma. Jembe nikamkataza, kiko chake nikakificha, asubuhi nikamrushia mpira adake ili viungo vilainike, majirani wakichungulia juu ya ua. Akakonda. Mimi hakunisemesha tena. Kila siku alimuuliza mke wangu kama kuna mtu ameiwekea migomba yake miti ya kuiegemeza.

Shahada ikaja na sifa tele. Maprofesa waliandika kwamba sura ya nne imewagusa. Nikampelekea bibi aione, na moyoni nilitaka kumwomba radhi kidogo, radhi ya kisomi.

Hakuitazama. "Mkwe wangu," akasema, "nimekaa kwako miezi saba, umeniuliza mengi. Mimi naitwa nani?"

Nikasema, nyogokuru. Akasema hilo ni la wajukuu. Nikasema, mama wa fulani. Akasema hilo ni la yule aliyeniuza. Nikatafuta kichwani, nikakuta kitu kimoja tu, kile cha kwenye fomu: Mzee Namba Kumi na Moja. Bibi akanisubiri, taratibu, bila kupaza sauti.

"Basi andika sifuri," akasema. "Na muhuri usisahau."

Mke wangu alifunga mizigo mchana uleule, wakaondoka wote wawili. Wamepanga chumba kimoja Kinyinya, mkabala na msingi uliochimbwa palipokuwa na migomba. Nimeambiwa nitarudiwa siku shamba litakaporudi. Nilimwendea yule mkubwa aliyelinunua, na barua mpya, kwamba bibi ana akili zake zote. Akaziweka barua zangu mbili mezani, akaniuliza aamini ipi, maana muhuri ni uleule.

Sasa nakaa na shahada ukutani, kando ya ratiba. Natembea naongea peke yangu, na fomu yangu ingesema nimeharibikiwa.

Wewe uliyerudi juzi na karatasi zako, unayetaka kuwapima wazazi wa watu, nakusihi: kaa chini kwanza, umjue mtu ni nani. Mimi jina la bibi nimeshalijua, nilimpigia magoti mke wangu akaniambia. Nalikumbuka vizuri sana. Lakini hapa silitaji, hata ukinipa sifuri.