Mama Pasi na Habari Zilizochelewa

Asubuhi ile ilikuwa kama nyingine zote. Mama Pasi alisimama mezani kwake barazani, pasi ya mkaa mkononi, ananyoosha mashati ya watu. Mumewe, fundi viatu, alikaa upande wa pili wa baraza hiyo hiyo na sindano yake. Walikuwa hivyo tangu nywele zao zikiwa nyeusi: mke anasema, mume anashona.

Mama Pasi alikuwa dobi. Nguo zikishanyooshwa alizifunga kwenye magazeti makuukuu aliyonunua dukani kwa kilo. Lakini hakufungia gazeti asilolisoma. Na alisoma kwa sauti, maana mumewe hakwenda shule, herufi kwake zilikuwa vijiti tu. Basi habari zote za dunia zilimfikia mzee kwa mdomo wa mkewe, zikiwa zimechelewa wiki mbili tatu na kutiwa chumvi njiani.

"Sikia hii," alisema asubuhi ile. "Timu imefungwa mechi tatu, wamemfukuza kocha. Watu kumi na moja wamekosa goli, anafukuzwa aliyekuwa amekaa kwenye benchi!"

Ng'ambo ya barabara kinyozi alichungulia mlangoni kwake. "Mama Pasi, hizo za zamani hizo! Wameshaleta mwingine, na leo ndiyo fainali."

"Nyamaza wewe! Usiniharibie. Mimi huko sijafika."

Kinyozi akacheka, akarudi kwa mteja wake. Mtaa mzima ulikuwa na adabu hiyo: ukimkuta Mama Pasi anasoma, humwambii mwisho.

Akafungua ukurasa mwingine. Viongozi wa nyumba moja ya ibada walikuwa wamegombea ukubwa mpaka kila upande ukatia kufuli lake mlangoni.

"Makufuli mawili, mzee wangu. Sasa Mungu wamemfungia ndani au wamemwacha nje?"

Fundi alicheka mpaka sindano ikamchoma.

"Na huyu mgombea wetu, tazama. Anaahidi barabara ile ile aliyoahidi marehemu baba yake. Hii sasa ni barabara ya kurithi."

Ndivyo alivyokuwa. Hakuwa na chama wala timu. Alisali, hakukosa. Kura alipiga kila zilipokuja, na akirudi alikisugua kidole kwa sabuni ya kufulia mpaka wino ukatoka, akisema ana mashati meupe ya watu, hawezi kuyagusa na siasa.

Alikuwa bado kwenye ukurasa wa mgombea aliponyamaza. Kimya ndicho kilichomshtua fundi. Kisha akasikia harufu. Pasi ilikuwa imelala juu ya shati, moshi unapanda, na mwanamke ambaye hajapata kuunguza hata leso alikuwa ameketi chini, mkono kifuani, jasho linamtiririka.

"Toa pasi kwanza," alisema.

Kinyozi alimwacha mteja na kichwa nusu, akaleta kigari chake. Wakampakia kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya mumewe. Hospitali si mbali. Siku nyingine ungefika chai haijapoa.

Lakini ilikuwa siku ya fainali. Mgombea ndiye mgeni rasmi. Viongozi wa dini nao walialikwa kufungua kwa dua. Mpira, dini na siasa vilikuwa vimepanda msafara mmoja, na njia kuu imefungwa kuupisha.

Askari aliyesimama pale alikuwa kijana. Akainamisha kichwa dirishani, akamwona mgonjwa, uso ukambadilika.

"Mzee wangu, shikamoo. Ni amri. Msafara ukipita tu, ninyi wa kwanza."

"Unapita saa ngapi?"

"Walitakiwa wawe wameshapita."

"Nifungulie, mwanangu. Mke wangu anakwisha."

Kijana akaongea na redio yake ya mkononi. Redio ikakoroma. Akaongea tena. "Wanasema nisubiri," alisema, na hakuweza kumtazama mzee.

Kurudi nyuma haikuwezekana. Magari yalishajaa, mashabiki wananing'inia madirishani wakipuliza mavuvuzela. Walipomwona Mama Pasi wakanyamaza wenyewe. Mmoja alivua jezi yake akawa anampepea nayo. Mwingine akaleta maji. Kila mtu alikuwa na huruma, na barabara ilikuwa tupu kabisa, inang'aa jua, hakuna hata baiskeli.

Fundi alishuka. Mzee asiyegombana na mtu akamkunja askari kola, akamtikisa. Kijana hakujitetea. Alisimama tu akitikisika, kofia ikaanguka.

Mwishowe magari meusi yakapita, mengi, kwa kasi, vioo vimefungwa. Njia ikafunguliwa. Askari alikimbia mbele ya kigari akiwasukuma watu kando mpaka pumzi ikamwishia.

Daktari alijitahidi. Akatoka akasema, "Mngefika mapema kidogo..." Neno halikuisha. Aliona alilolisema, akatazama viatu vyake.

Kesho yake mvua ilinyesha. Wapambe wa mgombea walileta turubai la msibani, kubwa, lina picha ya bosi wao akitabasamu. Fundi angesema nini? Watu walikuwa wanalowa. Wakakaa chini ya tabasamu lile. Kiongozi wa dini alisema ni mpango wa Mungu. Jirani mmoja alitaka kumwambia fundi nani amechukua kombe, kinyozi akamfinya.

Jioni binti yao aliwasili kutoka mbali. Hakulia. Alimvuta baba yake chumbani, wakakaa kitandani.

"Baba, huyo askari, sura yake unaikumbuka?"

"Naikumbuka."

"Twende tukamtafute. Lazima mtu mmoja ajibu. Mama hakufa hivihivi tu."

Fundi naye alitaka mtu ajibu. Usiku mzima alikuwa anamtafuta huyo mtu kichwani, na kila aliyemfikia alimkuta ametumwa na mwingine. Askari na redio yake. Aliyekuwa kwenye redio. Dereva wa gari jeusi. Akipanda juu zaidi anafika kwa Mungu, na huko alikuwa anaogopa kwenda na hasira.

"Hutaki?" binti aliuliza. "Kwa nini unamtetea, baba?"

"Simtetei."

"Basi nini?"

"Mama yako alisema neno pale."

"Neno gani? Mbona hukusema?"

Hakumwambia mtu kwa sababu lilikuwa lake peke yake, la mwisho alilopewa. Lakini mtoto alikuwa wa wote wawili. Akamwambia: alipokuwa amemkaba yule kijana, mama aliinua kichwa kidogo dirishani, sauti haina nguvu, akasema:

"Mwache, mzee wangu. Huyo naye kawekwa tu hapo, kama sisi."