Mapasa na Kipimo cha Sikio

Wakati wetu, pale Élisabethville, hakuna aliyemuuliza mtoto umri wake. Uliambiwa upitishe mkono wa kulia juu ya kichwa, ushike sikio la kushoto. Ukilishika, umekua, ingia shule. Usipolishika, rudi ukale bukari, yaani ugali, kwa mama yako.

Mimi nililishika. Ndugu yangu, tuliyezaliwa naye siku moja, vidole vyake viliishia utosini. Akajaribu kuinamisha kichwa. Mwalimu akakinyoosha kwa kiganja, bila hasira, akasema mmoja aingie na mwingine arudi mwaka kesho.

Nilikuwa nimekwisha kutia mguu darasani mama aliponivuta shati. Kwetu kaskazini, alikozaliwa mama, pacha mmoja akipewa kitu na mwingine akanyimwa, aliyenyimwa hukasirika akarudi alikotoka, yaani hufa. Mama hakufanya mchezo na mambo hayo.

"Aba ni mapasa, mwalimu," alisema. "Ukikamata mumoya, kamata bote. Ukiacha mumoya, acha bote."

Mwalimu akatuacha wote.

Nililia kutoka shuleni hadi nyumbani Kamalondo, nikimchukia ndugu yangu kwa mkono wake mfupi. Yeye alitembea akitafuna muwa. Baba aliporudi kutoka kazini kwenye reli alicheka, akaniambia sikio halipiti kichwa. Nikadhani anaeleza masomo. Mwaka mzima niliamini kwamba kule shuleni wanafundisha masikio, na kila jioni nilimvuta ndugu yangu mkono ili urefuke. Alivumilia tu, maana hakuwa na haraka ya kwenda popote.

Mwaka uliofuata tulilishika sote wawili. Mama alitupaka mafuta miguuni, akatufikisha mlangoni, akaenda zake ameridhika. Alipokwisha kuondoka, mwalimu alitutazama, akashindwa kututofautisha, akaona heri atutenganishe: mimi darasa lake, ndugu yangu darasa la jirani.

Asubuhi ile yote sikusikia somo. Nilingoja kengele nikamwokoe, kwa kuwa nilijua analia. Ilipolia nikakimbilia mlango wa darasa lake. Akatoka akicheka, ameshikana mkono na mtoto nisiyemjua.

"Uyu njo mwenzangu," akaniambia.

Hadi asubuhi ile hakuwahi kumwita mtu yeyote mwenzake ila mimi. Liliniuma neno lile. Nikamsalimia yule mtoto.