Marashi ya Wamaza na Motere Iliyofunikwa

Njia yote ya kutoka Kasongo mpaka Wamaza nilikuwa nimeipakata elikopta yangu nyuma ya pikipiki kama mtu anayepeleka mgonjwa, na kila shimo tulilolipiga lilinirudishia swali lile lile: motere, ile mota inayoizungusha, ikizima juu ya vichwa vya watu, nitafanya nini? Mwanangu wa kwanza alikuwa anaoa huko. Nami nilikuwa nimekwisha tangaza mbele ya wakwe, siku walipokuja kwetu, kwamba marashi ya bibi arusi hayataletwa kwa mkono wala kwa kichwa. Yatatoka juu.

Nieleze kwanza, maana si kila mtu anaijua mashine hii. Siyo kitu cha kuchezea watoto. Panga zake za juu, kila moja ni ndefu kama mkono wa mtu mzima, na zikizunguka zinakata mgomba. Nimeona kwa macho yangu. Inakula umeme wa bateri, siyo mafuta, na mimi naiongoza kutoka chini kwa kisanduku cha mkononi. Mgeni mmoja aliyekuwa anatafuta mawe ya madini kule Lusangi aliiacha vipande vipande, akasema imekufa. Mimi, niliyeacha shule darasa la nne, niliyeanza maisha kwa kusukuma baiskeli ya samaki wa Nyangwe, niliifufua. Kutoka kwetu mpaka Kabambare, nionyeshe mwingine mwenye nayo.

Lakini kufufua siyo kazi. Kazi ni joto. Kati ya bateri na motere kuna kasanduku kadogo, sisi tunakaita regilatere. Ndiko kanakogawa umeme, kidogo ama mwingi, kadiri ninavyotaka. Ka kwanza kaliniungulia kwenye kiwanja cha mpira, kakatoa harufu ya nywele zilizochomwa. Tangu siku hiyo nalala na joto, naamka nalo. Nilikata mfuniko wa sufuria kuukuu nikatengeneza mapezi ya kutoa moto, nikayafunga juu ya regilatere. Nikabadilisha gia ya motere nikaweka ndogo zaidi, isijikaze kama punda wa kupanda mlima. Nikatoboa ganda la mbele ili upepo uingie. Watu wanafikiri ukiiendesha polepole inapoa. Si kweli. Umeme wa nusu nusu ndio unaochemsha regilatere, na mashine ikisimama pahali pamoja hewani inaungua zaidi kuliko ikikimbia, kwa sababu hakuna upepo wa kuipitia. Nikitua, naweka kidole kwenye motere na kusema Bismillahi mpaka mwisho wake. Nikimaliza kidole kikiwa bado pale, iko salama. Nikikitoa katikati, nimeiumiza. Mke wangu anasema nimeipima homa motere mara nyingi kuliko nilivyowahi kuwapima watoto wake.

Asubuhi ya arusi niliijaribu peke yangu, mbali na watu, jua likiwa bado changa. Kidole kilimaliza Bismillahi yote. Nikapumua kidogo, nikaenda kuoga.

Sasa, kwetu kitu cha arusi hakiingii kwa wakwe uchi. Sinia, sanduku, hata ndoo ya mchele, vyote vinafunikwa kitambaa, na kitambaa hicho hakifunuliwi ila na mikono ya wanawake wa upande wa bibi arusi. Mwenye amri juu ya mambo hayo ni shangazi wa bwana arusi, na shangazi wa mwanangu ni dada yangu mkubwa, mwanamke ambaye hata baba yetu alikuwa anamzunguka. Niliporudi kutoka kuoga nilikuta amekwisha ishonea mashine yangu nguo. Mahameli nyekundu yenye vimetameta, imebana, imeshonwa kwa uzi mnene kutoka puani mpaka mkia unapoanzia. Matundu yangu yote yamezibwa. Vilivyobaki nje ni panga, mkia na miguu tu, na chini yake imening'inia chupa ya marashi.

Nikamwuliza, kwa jina tunalomwitia dada mkubwa: "Yaya, hii inapumulia wapi?"

"Nani anapumua? Si chuma hii?"

"Iko na motere ndani. Motere inataka upepo."

"Upepo si uko kule juu inakokwenda?" Wanawake wakacheka. Naye akaendelea, taratibu, akikata uzi kwa meno: "Weye ulisema mbele ya wakwe mashine yako haiogopi jua, haiogopi mvua. Leo inaogopa kitambaa?"

Nilisema hivyo, ndiyo. Nikamwomba mkasi nitoboe hata kidogo pale mbele. Akauweka mkasi chini ya kikwembe alichojifunga, akaukalia.

Ngoma zikaanza. Nikajipangia hesabu yangu: kupanda, kupita kwa kasi ili mahameli ipate japo upepo wa nje, kushuka kwenye mkeka waliotandika kiwanjani, basi. Nisiisimamishe hewani hata kidogo. Nilijiweka ukingoni mwa shamba la karanga lililopakana na kiwanja cha wakwe, nikaiinua.

Sitasema uongo, ilikuwa nzuri. Ile nyekundu juani, vimetameta vinarusha nuru kwenye nyuso za watu, vigelegele mpaka nyumba za mbali. Bibi yake bibi arusi, mwanamke wa miaka mingi, alikuwa ameketishwa kwenye kiti karibu na mkeka, kichwa amekiinua kama mtoto. Hapo ndipo msemaji wa arusi aliposhika mikrofoni akaomba niisimamishe pale pale, watu wapige picha. Nikatikisa kichwa. Dada yangu akaja mpaka sikioni mwangu.

"Isimamishe. Wakwe wameomba."

Nikaisimamisha. Juu ya kiti cha yule bibi, juu ya mkeka, juu ya watoto waliokaa chini. Simu zote zikainuliwa. Mimi nilikuwa nasikiliza. Motere yenye afya inaimba sauti moja. Ikizidiwa, sauti inashuka kidogo kidogo, kama mtu anayeanza kumeza maneno. Ikashuka. Nikajiambia ni ngoma zinanidanganya. Ikashuka tena, na pua yangu ikakumbuka ile harufu ya kiwanja cha mpira, ingawa kwa umbali ule sidhani nilinusa kweli.

Sikungoja. Nikaigeuza, nikaisukuma kwa nguvu kuelekea karanga, marashi bado yananing'inia. Watu wakanung'unika. Msemaji akauliza kwa mikrofoni baba mukwe anaipeleka wapi zawadi yetu. Ilikuwa ndiyo kwanza imevuka kichwa cha mtu wa mwisho iliponyamaza.

Regilatere ikichemka kupita kiasi inajikata umeme yenyewe ili isife. Inajiokoa yenyewe, haikuulizi chini kuna nani. Hapo panga zinazunguka kwa upepo wa kuanguka tu. Unazilaza zisije zikasimama, unaacha ardhi ije, halafu mwishoni kabisa unaziinamisha zikamate hewa, nguvu iliyobaki ibebe uzito. Ukiwahi, nguvu inaishia juu. Ukichelewa, umeokota vyuma. Kwa mazoezi nilikuwa nimevunja zaidi ya nilivyotua. Siku ile nilitua. Mguu mmoja ulipinda, karanga chache zikafyekwa, chupa haikupasuka. Watu wakadhani ndivyo nilivyopanga, wakapiga makofi.

Yule bibi mzee akaletwa ameshikwa mkono mpaka katikati ya karanga. Akaikagua mahameli, akaisifu mishono. Kisha akasema, bila haraka, kwamba kilichofunikwa kikaingia kwao ni chao. Nikamwambia ndiyo, mama, marashi ni yenu.

"Na hii iliyovaa nguo?" akauliza. "Ama ulitaka tuivue mbele ya watu, uirudishe uchi kwako?"

Wanawake wao wakaibeba kichwani kwa wimbo. Dada yangu aliniangalia mara moja tu, akanionyesha kidole mdomoni. Siku nyingine ningebisha mpaka jua lizame. Mashine ile ni jina langu. Lakini si hilo lililonikimbiza nyuma yao. Ilikuwa bateri. Bateri iliyochemka hivyo inavimba, na iliyovimba inaweza kukaa kimya, halafu ikawaka yenyewe kama imemwagiwa petroli. Na walikuwa wanaiingiza kwenye nyumba ya nyasi, kwenye chumba alimokaa bibi arusi.

Mwanamume haingii chumba kile. Nikasimama kwenye pazia nikisema iko na moto ndani, itoeni, inaweza kuwaka. Wakanijibu kwa kicheko kwamba baba mukwe analilia kitu chake. Nikasema tena. Mmoja akaniambia nikae nikale, mchele umeiva. Nilikuwa nimeshika nguzo ya mlango na nafikiri, kweli, kuivunja ile desturi na kuingia.

Ndipo ikatoka sauti ambayo siku ile haikutakiwa kutoka. Bibi arusi hasemi mpaka jioni.

"Baba," alisema kutoka ndani, "niambie pa kukata."

Nikamwambia: tumboni, upande wa mbele, kuna mkanda, ukate. Utaona nyaya mbili nene, nyekundu na nyeusi. Vuta pale zilipoungana, usivute nyaya. Usiibonyeze. Nilisikia mkasi ukila mahameli, nikasikia pumzi yake. Kisha mkono wenye hina ukapita pembeni ya pazia, umeshika bateri kwa ncha za kitambaa, nayo imevimba kama andazi.

Niliibeba ndani ya sufuria ya mchanga mpaka katikati ya shamba, mbali na nyasi, nikaketi kuilinda. Kiwanjani waliendelea kula na kucheza. Baada ya muda dada yangu akaja na sahani, akaangalia sufuria, akaniangalia mimi.

"Imekufa?"

"Bado sijui."

Akaweka sahani chini, akaketi upande wa pili wa sufuria. Tukawa tunaitazama wote wawili.