Kofia ya Mtani

Juzi stendi ya Nangurukuru nilimwona Mzungu mwenye kofia ya ukindu, nikakumbuka uani kwa bibi, kijijini Tingi, moshi wa korosho ukiniwasha macho.

Mjerumani mmoja alikuja kutuomba radhi kwa vita vya Majimaji. Bibi akamnyang'anya kofia, akampaka majivu usoni.

"Mla viazi wee! Umechelewa, uliowakosea wameshakufa!"

Nilikimbilia ndani, nikijua polisi watakuja kumkamata. Sikujua kwamba kwetu waliopigana zamani hugeuka watani, na kwamba bibi hamtanii mtu kabla hajamsamehe.

Bibi alipofariki, Mjerumani yule alirudi, mvi kichwa kizima. Akasimama mlangoni, akalizuia jeneza, kama wafanyavyo watani msibani.

"Hazikwi mtu," alisema huku akilia, "mpaka nirudishiwe kofia yangu."